Daftari Lililopelekwa Kanisani

Kaka yangu Safwan ni mtu wa adabu, na adabu zake ndizo zilizotuponza. Angekuwa mhuni angelitupa lile daftari jaani, na miye ningelikwenda jaani nikaliokota. Lakini Safwan hatupi karatasi yenye jina la Mungu. Alilifunga kwa kitambaa cheupe, akalitia kwenye mfuko, akapanda gari lake akalipeleka kanisani. Akarudi kwake akala, akalala, kajiona kafanya jambo la thawabu.

Nnaanza na hilo kwa sababu kila nikianza na jingine hasira zinanirudisha hapo hapo. Watu wa mtaa wetu wa Wattaya, hapa Maskati, wananijua. Nauza magari, huu mwaka wa kumi na tisa, na nikigombana na mtu sauti yangu inafika mpaka karakana ya nyuma. Safari hii niligombana siku moja tu, yaliyobaki nilimeza. Sasa nnaandika, maana kilichomezwa kimekataa kushuka.

Daftari lilikuwa la mama. Majirani wanamwita Bi Hasina, na mtu akimsikia anazungumza chumba cha pili anadhani kazaliwa Malindi ya Unguja. "Hebu nipe hicho kikombe, mwanangu, miye magoti yameshanikataa." Ndivyo anavyosema. Mgeni akiingia akamwona ndipo anapobabaika: mzungu mtupu, macho ya kijani, nyusi nyeupe, na kanga kiunoni. Kazaliwa Ukraine, kijiji kidogo upande wa Ternopil, na wazee wake walimpa jina la Stefania. Hasina kaitwa na mama mkwe wake, Bibi Masouda, siku aliposilimu.

Baba yetu Yaarub, Mungu amrehemu, aliondoka Unguja akaenda kusoma uhandisi wa maji katika mji wa Lviv. Mama alikuwa akisomea ualimu huko huko. Wakaoana mwaka sabini na sita, na miaka miwili baadae wakaja Maskati, maana Bibi Masouda na nusu ya ukoo walikuwa wameshahamia huku. Mama alishuka uwanja wa ndege mwezi wa Juni na koti la sufu mkononi. Hakuwa na Kiarabu wala Kiswahili. Bibi akamchukua jikoni, akamfundisha jina la kila kitu kilichomo, na mpaka leo mama akihesabu haraka anahesabu kwa Kiswahili.

Ndani ya sanduku lake mlikuwa na hilo daftari. Jalada la kahawia, kurasa za mistari, nyimbo sitini na mbili kwa mwandiko wa msichana. Na sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wote wanapokosea, na wa kwanza wao ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Nyimbo hizo ni za dini, lakini hazikuwa za kanisani. Kanisani kwao padri ana maneno yake na kwaya ina yake, yamepangwa tangu enzi, na hakuna anayeruhusiwa kuchomeka lake. Hizi zilikuwa za nje. Mama katuhadithia mara nyingi, mikono imo ndani ya unga: zilianza zaidi ya miaka mia tatu nyuma, zikatungwa na wanafunzi na walimu wa shule za dini, vijana wenye njaa, shule ikifungwa wanazunguka vijijini na kuimba madirishani wapate mkate. Kutoka kwao zikachukuliwa na waimbaji vipofu waliotembea masoko yote na kinanda cha kuzungusha mpini. Vipofu hao walikuwa na chama chao na walimu wao, na siku za sikukuu walikaa langoni mwa kanisa wakaimba. Langoni, jamani, si ndani. Baadae watawa wakaona watu wanazipenda, wakazikusanya wakazipiga chapa, na wanawake wa vijijini wakazinakili kwa mkono, huyu kaongeza, huyu kapunguza, mpaka kila nyumba ikawa na daftari lake. Zipo za kuzaliwa Nabii Issa, za Bibi Maryamu, za yatima, za siku ya hukumu. Na zipo za maiti, anazoimbiwa mtu nyumbani kwake, kabla ya padri kufika na kabla ya jeneza kutoka.

Mama alipokuwa na miaka minane serikali ya wakati ule ililifunga kanisa la kijiji chao, wakatia mbolea humo. Padri akaondoka, sala za kanisani zikanyamaza. Nyimbo hazikunyamaza, kwani zilikuwa hazimtegemei padri tangu mwanzo. Kwa hivyo wakubwa wa serikali wakaanza kupita majumbani kuyasaka madaftari. Mama alikuwepo siku mtu wa mabuti alipoingia, akafungua kasha, akalitia daftari la bibi yake mama kwapani akatoka nalo. Bibi huyo, Tekla, alikuwa keshaanza kupoteza macho. Ila mwaka ule mama alipokuwa anakaribia kuolewa, Tekla alimketisha mezani baridi nzima akamsomea nyimbo zote kutoka kichwani, na mama akaandika. Hilo ndilo daftari letu. Hakukuwa na jingine. Hanna, dada yake mkubwa mama, hakuandika, kwa sababu yeye alikuwa anabaki kijijini na zote alikuwa nazo kifuani.

Bibi Masouda alimsikia mama anaimba mara ya kwanza akiwa anaosha vyombo. Akamuuliza kama hiyo ndiyo sala yao. Mama, kwa Kiswahili chake cha miezi mitano, akamweleza kuwa sala iko kanisani, hizi ni za nyumbani, za njiani, za matangani. Bibi akafikiri kidogo akasema, "Aa, kumbe kasida." Basi, mjadala ukaisha. Kwetu pia mtu anaswali msikitini, akitoka anaimba kasida arusini na kwenye maulidi, na hakuna mwenye akili anayechanganya hivi viwili. Mashairi yanayomwita Issa mwana wa Mungu mama aliyaacha mwenyewe siku aliyosilimu, bila ya kuambiwa na mtu; akifika hapo anavuma tu kwa pua mpaka ubeti upite. Nyingine aliimba, kila Ijumaa baada ya alasiri, daftari juu ya mto, na Bibi Masouda kando yake anachambua mchele. Miaka arobaini na kitu hakuna aliyeona ubaya.

Mpaka Noof alipochumbiwa. Noof ni binti yake Safwan, na kachumbiwa na watu wa Qurum, nyumba kubwa ya kona, watu wazuri kwa kweli. Siku moja mama yake kijana aliyemchumbia kaja kutusalimu, Ijumaa, akamkuta mama na daftari lake. Akasikiliza, akatabasamu, akauliza, "Kumbe bibi bado anasoma sala za kanisani?" Kauliza tu. Mimi nilikuwepo, na nilimjibu, na akafahamu, na tukanywa kahawa. Lakini neno lilimfikia Safwan, na Safwan halikumlaza.

Alinipigia simu, akasema watu watamfikiria vipi mama, na mtoto wa kike anakwenda kwa watu. Nikamwambia mama kaswali swala tano tangu wewe hujazaliwa, na lugha anayoimbia ni ya kwao, sasa unataka nini. Akasema yeye anataka salama tu. Nilidhani yameishia hapo. Ukiuza magari unamjua mteja aliyekwisha kuamua hata kabla ya kukaa, na ningemtizama usoni ningelimjua. Lakini ilikuwa simu.

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama umra. Nnarudia, maana nikiwaambia watu wananitolea macho: mama alikuwa Makka. Alikuwa Makka anazunguka Kaaba na magoti yake yale, huku mwanawe wa kwanza anafungua kabati lake Wattaya na kuchukua daftari ili watu wasimdhanie mama Mkristo.

Tuliporudi Safwan alitupokea mwenyewe. Mama alilala, akaamka, Ijumaa ikaja, akafungua kabati, daftari halimo. Hakuhangaika, alidhani mtumishi kalisogeza. Safwan ndiye aliyesema, na kasema kwa furaha, kanzu imenyooka, kikombe mkononi.

"Mama, lile nimelirudisha kwa wenyewe. Ni amana ile, haikufaa kukaa hapa."

"Wenyewe nani?" mama akauliza.

Akamtajia kanisa. Mama alikaa chini kwenye kapeti taratibu, akamuuliza lini. Akasema wiki mbili. Mimi nilisema mengi, na hayo siyaandiki.

Jumapili nilimchukua mama tukaenda huko. Tulipokewa na mwanamama wa Kihindi, wa Kerala, anayetunza maktaba yao, mpole, katutilia chai. Daftari alilikumbuka. Alisema alilipokea kwa heshima lakini hakuna aliyeweza kulisoma, kwa hivyo akamwonyesha mzee mmoja wa nchi zile za kwao mama anayekuja siku za sikukuu. Mzee akafunua funua akacheka, akasema hizi si za ibada, hazina kazi hapa, nyimbo za vikongwe hizi. Likawekwa kwenye sanduku la makaratasi ya zamani. Na Jumanne iliyopita gari la kukusanya karatasi lilipita likachukua masanduku yote kwenda kusagwa.

Yule mwanamama alilia. Sikuweza hata kumkasirikia, nikamkasirikia zaidi Safwan. Fikirini wenyewe. Miaka mia tatu nyimbo zimekaa nje ya lango la kanisa na zikaishi. Waliokuwa hawamwamini Mungu walilichukua daftari la Tekla, na wao angalau walijua wanachukua nini. La mama kalichukua mtoto anayeswali, kalifunga kitambaa, kalitia ndani ya kanisa, na humo ndimo lilimofia. Na msiniulize mbona sikulipiga picha. Kila gari nililouza nimelipiga picha pembe nne, na daftari la mama sikulipiga hata ukurasa mmoja. Hilo nnalo mwenyewe, simpi mtu.

Mama aliporudi nyumbani alichukua karatasi za ofisini kwangu, zile zenye nembo ya magari juu, akaanza kuandika anazokumbuka. Akafika ishirini na tatu. Akasema nyingine atamuuliza Hanna, pole pole, kwa simu.

Hanna akafariki siku tisa baadae. Olena, binti yake, alipiga simu Jumanne asubuhi. Moyo tu, alikuwa anatia maji kuku. Mazishi Alhamisi. Padri wamempata, sasa kanisa limefunguliwa zamani, hilo si shida. Shida ni nyumbani. Mtu wa kijiji kile hatoki nyumbani kwake mpaka aimbiwe wimbo wa kuaga, na waimbaji wameisha. Vijana wako vitani au wamekimbilia nchi za jirani, wazee waliobaki wawili, mmoja hasikii na mmoja kachukuliwa na wanawe Poland. Aliyekuwa akiwaimbia wote ni Hanna mwenyewe.

"Mama mdogo," Olena akasema, "nitaweka simu kwenye kiti, ubavuni mwake. Muimbie wewe."

Mama akakubali. Kisha akakaa na zile karatasi zangu kutwa nzima na siku ya pili yake. Wimbo wa kuaga ni mrefu. Ndani yake maiti ndiye anayesema: anakiaga kitanda, kizingiti, kisima, halafu anawaaga watu wake mmoja mmoja, watoto, kaka, dada, majirani, kila mmoja na ubeti wake. Mama alizipata beti zote isipokuwa mmoja, na Jumatano jioni akanieleza kwa nini. Tekla alikuwa na mwiko: mtu haimbi ubeti wa kaka au dada yake aliye hai, atamwita mauti. Mwenye dada, wimbo ukifika kwa dada, ananyamaza, wengine wanamwimbia. Mama alikuwa na dada mmoja tu. Ubeti ule hakuwahi kuutia mdomoni maisha yake yote. Aliuandika mara moja tu, ile baridi, Tekla akimnong'oneza sikioni, na tangu hapo akifika ukurasa ule aliupisha kwa macho. Nikampigia Olena, akamwendea yule mzee asiyesikia akamwandikia kwa kalamu kubwa. Mzee akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na dada watatu, wote hai.

"Labda ukianza utakuja wenyewe," nilimwambia mama. Akasema inshallah.

Alhamisi, saa sita na nusu za huku, mama alikuwa keshaswali adhuhuri. Akajifunga mtandio mweupe, akakaa sebuleni chini, mgongo ukutani, simu juu ya mto. Olena alikuwa keshaweka yake kitini. Tulisikia watu wakikohoa na mbao za sakafu zikilia. Jeneza lilikuwa litoke saa saba zetu.

Mama akaanza. Sauti yake ya kuimba si ile ya kusemea, iko chini na haina haraka. Mimi sifahamu neno kwa neno, lakini amekwisha kunifasiria, kwa hivyo nilijua yuko wapi: sasa kitanda, sasa dirisha, sasa kizingiti. Alipofika ubeti wa watoto Olena alilia kwa sauti, na mama hakusimama.

Hapo ndipo Safwan alipoingia. Kaja kutoa pole, si mtoto mbaya, sijasema ni mtoto mbaya. Alivua ndara mlangoni akasimama na mkono kifuani. Nilimtizama, na hasira zilinipanda mpaka masikioni, lakini nilizimeza kwa ajili ya marehemu.

Ubeti wa kaka ukapita. Mama akavuta pumzi, akafungua mdomo, na hapakutoka kitu. Akaanza tena kutoka ubeti wa nyuma, akakimbilia pale, akakwama pale pale. Kutoka kwenye simu Olena akauliza kama laini imekatika.

"Haijakatika," mama akamjibu kwa lugha ya kwao. Kisha akageuka, akasema kwa Kiswahili.

"Safwan, njoo ukae hapa."

Akaja akakaa mbele yake, magoti yake karibu na simu.

"Hapa Hanna ananiaga miye," mama akasema. "Nambie ananiambia nini."

Safwan alinitizama mimi, nikatizama pengine. Akasema, "Mama, mimi lugha ile siijui."

"Sikukuuliza lugha. Ulilichukua weye. Nambie dada yangu ananiambia nini."

Kwenye simu tukasikia mabuti yanaingia, mwanamume anahesabu, na sauti ya kitu kizito kinainuliwa. Olena akasema wanambeba. Mama aliinama mpaka sikio lake likagusa simu. Mlango ulifunguliwa huko, upepo ukaingia, na mabuti yakaanza kuteremka ngazi.

Safwan alianza kulia. Akamshika mama mguu, akasema mama nisamehe, mama nimekukosea, akasema na kusema.

"Nyamaza, mwanangu," mama akamwambia. "Nnasikiliza."